Nyeupe ya nani? Historia fupi ya vitufe vya monita yako

Ukitaka kujua monita mpya imepangwa kwa ajili ya nani, iangalie dakika tano za kwanza baada ya kuitoa kwenye boksi. Mwanga wake unachoma macho. Nyeupe yake ina ubluu, kama shati la shule lililozidishiwa bluu ya kufulia. Nyekundu inapiga kelele. Haikupangwa kwa ajili yako wewe uliyekaa nayo mezani. Imepangwa kwa ajili ya dukani, pale kwenye rafu, pembeni ya nyingine kumi, chini ya tyubulaiti, kila moja ikigombea macho ya mteja. Iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi, inayong'aa zaidi ndiyo inayonunuliwa.

Wengi huiacha hivyo hivyo mpaka iharibike. Wachache hubonyeza vile vitufe vya chini, wanakutana na menyu yenye maneno kama mwangaza, kontrasti, gama, joto la rangi, sRGB. Wanachezea dakika mbili, wanaogopa, wanarudisha ilivyokuwa. Siwalaumu. Maneno yale hayaelezi yanafanya nini, na mawili kati yake (nitaonyesha hivi punde) yalikuwa yakidanganya waziwazi kwa miongo kadhaa.

Mimi jambo hili linanihusu kikazi. Chukua gazeti letu lolote la miaka ile ya nyuma, tazama picha za ndani. Mheshimiwa anafungua zahanati, na uso wake ni doa jeusi lenye meno. Akina mama waliompokea wamekuwa vitenge vinavyosimama vyenyewe. Lawama huenda kwa mpiga picha, au kwa mtambo wa kuchapia, na pengine wanastahili. Lakini kuna mtuhumiwa wa tatu ambaye huwa hatajwi: kioo ambacho mhariri wa picha alikuwa anakitazama alipoamua kwamba "hapa panatosha".

Na kioo hicho kina historia. Kila neno kwenye ile menyu lina kwao. Lilizaliwa katika mji fulani, mwaka fulani, likapimwa kwa macho ya watu fulani, na baadaye likahakikishwa kwa sura za watu fulani. Ukiijua safari hiyo, kurekebisha monita kunaacha kuwa bahati nasibu.

Tuanze na tyubu. Mwaka 1897 huko Strasbourg, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani, mwanafizikia Karl Ferdinand Braun alitengeneza chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye mkondo wa elektroni unaogonga unga unaong'aa. Hakuwa anatafuta televisheni. Alitaka tu kuona kwa macho jinsi umeme unavyopanda na kushuka. (Nobeli aliipata mwaka 1909 pamoja na Marconi, lakini kwa kazi ya redio.) Chupa ile ndiyo babu wa kila TV ya chogo na kila monita ya chogo iliyowahi kupinda meza ya mtu.

Sasa sikiliza kichekesho. Kwenye monita ya chogo, kitufe kilichoitwa mwangaza hakikuwa cha mwangaza. Kazi yake ilikuwa kuamua elektroni zianze kupenya wakati gani, yaani nyeusi iwe nyeusi kiasi gani. Na kilichoitwa kontrasti ndicho kilichokuza nguvu ya picha nzima, yaani ndicho kilichofanya nyeupe iwe kali. Majina yalikuwa yamebadilishana nyumba! Charles Poynton, mtaalamu wa picha za video kutoka Kanada, ameandika miaka mingi akilalamikia majina haya. Mtu akiona picha ni hafifu anapandisha "mwangaza", na anachopata ni weusi uliogeuka majivu.

Wahandisi wa BBC walikuwa na ujanja mzuri wa kukwepa mtego huo, wakauita PLUGE. Kwenye kioo cheusi waliweka michirizi miwili: mmoja mweusi kupita nyeusi halali, mwingine umeizidi nyeusi mwanga kidogo sana. Fundi anapunguza mwangaza taratibu hadi mchirizi wa kwanza umezwe na giza huku wa pili ukiendelea kuonekana kwa mbali. Hapo anaondoa mkono. Haihitaji kipimo wala shahada.

Monita bapa za leo hazina mkondo wa elektroni. Zilizo nyingi zina taa nyuma, na mbele ya taa kuna vijilango vidogo mamilioni vya fuwele za kimiminika vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga. Kwa nyingi kati ya hizi, kitufe cha mwangaza kweli kinaongeza na kupunguza taa ya nyuma. Kwa maneno mengine, jina limeanza kusema kweli baada ya chombo lililopewa kufa. Kontrasti nayo imebaki kuzidisha namba tu. Ukiipandisha sana, namba za juu zinagonga dari zote kwa pamoja, na hapo mawingu, kanzu na lesi ya shela vinageuka karatasi tupu. Ndiyo maana kwenye monita bapa kontrasti inaachwa karibu na pale ilipotoka kiwandani, na mkono unakwenda kwenye mwangaza.

Kabla sijaiacha tyubu, kuna kitufe kimoja kilichokufa nayo ambacho nakipenda kuliko vyote. Waliotumia monita za chogo wanakumbuka alama ya sumaku. Ukibonyeza, monita inatoa mlio mzito "bruuum", picha inatikisika kama iko majini, kisha inatulia. Watoto waliifanya mchezo. Kazi yake ilikuwa kuondoa sumaku iliyojikusanya kwenye vyuma vya ndani, kwa sababu sumaku ikipinda mkondo wa elektroni hata kidogo, ule wa nyekundu unaangukia kwa kijani, na kona ya kioo inapata doa la zambarau.

Jina lake la kitaalamu lilitoka vitani. Novemba 1939 Wajerumani walidondosha mabomu ya baharini yanayolipuka yanapohisi sumaku ya chuma cha meli. Moja lilianguka kwenye matope ya Shoeburyness, mdomoni mwa mto Thames, Waingereza wakalifungua na kuelewa linavyofanya kazi. Meli zikaanza kuzungushiwa nyaya za umeme ili kuua sumaku yake. Charles Goodeve, mwanakemia mzaliwa wa Kanada aliyekuwa kwenye jeshi la majini la Uingereza, akaipa kazi hiyo jina lililotokana na Gauss, yule mwanahisabati wa Kijerumani ambaye jina lake lilikuwa kipimo cha sumaku. Kutoka meli za kivita hadi kitufe mezani kwako.

Lakini kinachonivutia zaidi ni hiki: monita ya chogo ilijua iko wapi duniani. Sumaku ya dunia haielekei upande mmoja kila mahali. Uingereza inazama ardhini kwa pembe kali. Nairobi na Dar es Salaam inatoka ardhini kwenda juu, tena kwa pembe ya wastani. Watengenezaji walilijua hilo, wakawa wanapanga monita za aina tofauti: za kaskazini ya dunia, za kusini, na za maeneo ya ikweta. Sasa fikiria zile monita za mtumba zilizoletwa kwetu kutoka ofisi za Ulaya. Zilikuwa zimepangwa kwa sumaku ya kwao. Ukiiwasha huku, kona moja inakuwa ya kijani na nyingine ya waridi, unabonyeza "bruuum", inatulia kiasi, lakini haikai sawa kabisa. Fundi anakwambia "imechoka". Huenda kweli ilikuwa imechoka, lakini pia ilikuwa ugenini.

Haya, turudi kwenye menyu. Gama.

Neno hili ni la wapiga picha, na ni la zamani kuliko tyubu yenyewe. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, wataalamu wawili wa viwanda vya kemikali katika mji wa Widnes, Uingereza, walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi sahani za picha zinavyoitikia mwanga. Walichora grafu, na mwinuko wa ule mstari wakaupa herufi ya Kigiriki, gama. Ilipokuja televisheni ikaonekana tyubu nayo ina mkunjo wake. Ukiipa nusu ya umeme haikupi nusu ya mwanga, inakupa chini ya robo. Badala ya kuweka dawa ndani ya kila televisheni, jambo ambalo lingeongeza bei, wahandisi waliiweka upande wa kamera: picha inapotoka studio tayari imekunjwa kinyume, ili ikifika kwenye tyubu inyooke yenyewe.

Bahati nzuri mkunjo huo unakaribiana na macho ya binadamu, ambayo hutambua tofauti ndogo gizani kuliko kwenye mwanga. Kwa hiyo hata baada ya tyubu kufa, desturi ilibaki. Monita yako bapa haina mkunjo wa tyubu hata kidogo, lakini imefundishwa kuuigiza. Namba iliyozoeleka ni 2.2.

Haikuwa namba ya wote. Kompyuta za Apple kwa miaka mingi zilitumia 1.8, kwa sababu wateja wao wakubwa walikuwa watu wa uchapaji, na kioo kilitakiwa kikaribiane na kile kinachotoka kwenye printa. Kompyuta za Windows zilikuwa 2.2. Apple walihamia 2.2 mwaka 2009, walipotoa Mac OS X 10.6. Kwa hiyo kwa muda wote ule, picha iliyorekebishwa kwenye Mac na kufunguliwa kwenye Windows bila marekebisho yoyote ilikuwa inaingia giza njiani.

Hapa naomba ndugu msomaji uvumilie hesabu kidogo, maana ndipo kiini cha habari yote kilipo. Chukua pikseli yenye namba 64 kati ya 255. Ni eneo la giza, tuseme kivuli kwenye shavu la mtu mweusi. Kwa gama ya 1.8 pikseli hiyo inatoa asilimia 8.3 ya mwanga wa juu kabisa wa kioo. Kwa 2.2 inatoa asilimia 4.8. Imepoteza zaidi ya asilimia 40 ya mwanga wake. Sasa chukua pikseli yenye namba 200, tuseme shavu la Mzungu lililopigwa na jua. Inatoka asilimia 64.6 inakwenda 58.6. Imepoteza kama asilimia 9 tu.

Kosa ni lile lile, kompyuta ni zile zile, lakini mmoja ameguswa kidogo na mwingine amefutwa. Hakuna aliyekaa kikao kupanga njama hapo. Ni hisabati. Mkunjo wa gama siku zote huumiza upande wa giza kwanza, na sisi nyuso zetu ziko karibu na upande huo. Mhariri wa London anaweza kufanya kazi kwenye monita mbovu mwaka mzima bila picha zake kumwadhiri. Wa Dar es Salaam ataumbuka siku ya kwanza.

Tuje kwenye nyeupe, yaani joto la rangi. Mhunzi anaielewa mada hii kuliko muuza kompyuta. Chuma kikianza kushika moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinaelekea njano, kikizidi tena kinakaribia weupe. Kingekuwa hakiyeyuki, kingeendelea hadi kwenye ubluu. Wanasayansi wakaamua kuitaja nyeupe kwa joto ambalo lingeitoa, kwa kipimo cha Kelvin. Ndiyo maana kwenye menyu unaona 5000, 6500, 9300. Namba kubwa ni bluu zaidi, hata kama watu wanaiita "baridi".

Sasa swali: nyeupe sahihi ni ipi, na nani aliiamua? Mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Uingereza, W. David Wright wa Imperial College aliwaweka watu 10 mbele ya chombo chake, wakawa wanachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu hadi ulingane na rangi wanayoonyeshwa. John Guild, wa maabara ya taifa ya fizikia iliyoko Teddington, alifanya kazi kama hiyo na watu 7. Jumla watu 17. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayofahamika kama CIE, ikachukua matokeo hayo na kutengeneza "mtazamaji wa kawaida". Hesabu za rangi kwenye kompyuta na simu zetu bado zinasimama juu ya macho ya wale watu 17.

Nyeupe yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1964 Judd, MacAdam na Wyszecki walichambua sampuli 622 za mwanga wa mchana. Zilipimwa sehemu tatu: Rochester katika jimbo la New York, Ottawa huko Kanada, na Enfield, pembezoni mwa London. Kutokana na uchambuzi huo ikatoka nyeupe inayoitwa D65, ile ambayo menyu yako inaiita 6500. Katika zile sampuli hamna hata moja ya Afrika. Kwa hiyo ukikaa Mikocheni ukaandika barua kwenye ukurasa mweupe, weupe ule ni wastani wa mchana wa miji mitatu ya kaskazini.

Je, tukasirike? Kwa maoni yangu, hapana, angalau si kwa hili. Jicho huzoea nyeupe haraka sana, na D65 ni maafikiano mazuri. Tatizo halisi ni kwamba monita nyingi hazikukaa hata kwenye hiyo D65. Japani ilizoea televisheni zenye nyeupe ya karibu 9300, na monita nyingi za chogo zilitufikia zikiwa zimewekwa hapo hapo. Dukani bluu huonekana safi. Kwenye ngozi yetu ni maafa. Kahawia, ukiitazama kitaalamu, ni rangi ya chungwa iliyopunguziwa mwanga, na bluu ndiyo adui wa chungwa. Ongeza bluu juu ya uso wa kahawia unapata kijivu, kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Mhariri akiona hivyo anaongeza nyekundu hadi uso upendeze kwenye kioo chake. Picha ikifika kwenye karatasi au kwenye kioo cha mtu mwingine, mheshimiwa amekuwa tofali la kuchoma.

Hadi hapa nimezungumzia macho na mwanga. Zimebaki sura, yaani ile picha ya mtu ambayo fundi anaitazama na kusema "sawa, sasa rangi imekaa".

Marekani ilipitisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, NTSC, Desemba 1953. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi yakiyumba kidogo angani, rangi nayo inahama. Ndiyo maana televisheni za Wamarekani zilikuwa na kitufe cha kuzungusha rangi yenyewe. Mtu anakaa sebuleni anazungusha uso wa msomaji wa habari kutoka kijani hadi zambarau, akitafuta katikati. Wahandisi wakatania kwamba herufi zile nne zinamaanisha haitoi rangi ile ile mara mbili. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akatafuta njia ya kosa la mstari mmoja kufutwa na mstari unaofuata, na huo ndio mfumo wa PAL. Ujerumani Magharibi iliuzindua Berlin tarehe 25 Agosti 1967. Willy Brandt alitakiwa abonyeze kitufe chekundu ili rangi ije. Kitufe kilikuwa cha maigizo tu, na fundi nyuma ya pazia akawahi: rangi ikatokea kabla kidole cha Brandt hakijafika mwisho!

PAL ndiyo iliyotufikia sisi. Zanzibar ilianzisha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi tangu mwanzo, wakati Afrika Kusini na utajiri wake wote ilisubiri hadi 1976, na Tanzania Bara hadi 1994. Kwa mtazamaji, PAL ilimaanisha kile kitufe cha kuzungusha rangi hakikuwa na kazi. Ulibaki na cha kuongeza au kupunguza rangi. Uso uwe wa rangi gani lilikuwa limekwisha kuamuliwa huko studio, na vifaa vilivyotumika kuamulia.

Mwaka 1967 BBC ilianza kuonyesha kadi ya majaribio iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote, Kadi F. Katikati yake kuna msichana wa miaka 8, Carole Hersee, mbele ya ubao, akiwa na mwanasesere wake. Aliyeisanifu ni baba yake mzazi, George Hersee, mhandisi wa BBC. Walichagua mtoto ili nywele na vipodozi vya mtu mzima visiifanye kadi ipitwe na wakati mapema. Uso wake ulikuwa pale kwa sababu ya kazi maalum: fundi aone kama rangi ya ngozi iko sawa. Kadi hiyo na jamaa zake zilisambaa nchi nyingi nje ya Uingereza. Ngozi iliyokuwa "sawa" ni ya yule msichana.

Kwenye picha za karatasi hali ilikuwa hiyo hiyo. Kodak walipeleka kwenye maabara kadi za kupimia zenye mwanamke mweupe, na kwa kuwa wa kwanza aliitwa Shirley, kadi zote zikaitwa Shirley, awe nani. Mwaka 2009 Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Montreal, alichapisha makala ndefu kuhusu kadi hizi. Jambo moja ndani yake lilinikaa kooni. Watu wa Kodak walimweleza kwamba msukumo wa kuboresha filamu upande wa kahawia haukutoka kwa wazazi wa watoto weusi waliokuwa wakipotea kwenye picha za darasa. Ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na watengenezaji wa samani, waliotaka wateja waone tofauti ya chokoleti moja na nyingine, ya mbao moja na nyingine. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Limebaki neno moja kwenye menyu, sRGB. Hili ni la Hewlett-Packard na Microsoft, lililopendekezwa mwaka 1996 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Lilikusanya yote niliyoyataja: mtazamaji wa 1931, nyeupe ya 1964, mkunjo unaokaribia 2.2. Likaongeza na chumba. Ndiyo, chumba! Kiwango hicho kinaeleza monita yenye mwanga wa kandela 80 kwa mita ya mraba, ndani ya ofisi yenye mwanga hafifu wa laksi 64. Monita ya kawaida ya ofisini siku hizi inauzwa ikiwa na uwezo wa kandela 250 au zaidi. Ndiyo maana inachoma macho. Na mwenye kuitumia hayuko kwenye ofisi ya giza. Yuko dirishani Upanga saa nane mchana, pazia limefunguliwa ili upepo upite.

Kwa hiyo mpangilio unaanzia chumbani kabla ya kugusa kitufe. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele yako. Iache monita imewaka nusu saa. Kwenye kompyuta chagua idadi ya pikseli ambayo kioo chenyewe kinayo, si pungufu, maana monita bapa ikilazimishwa idadi nyingine inatia ukungu kwenye herufi. Chagua 6500 au sRGB. Siku mbili za kwanza utaona kama kioo kimepigwa vumbi la njano, halafu utazoea na monita za wenzako ndizo zitakuudhi. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo, fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza hadi viwili hivyo vikaribiane. Gama iwe 2.2.

Kisha tafuta sura ya kupimia, na hapa Shirley wala Carole hawatusaidii. Mimi natumia picha ya harusi. Bwana harusi mweusi wa kiangavu, suti nyeusi, bibi harusi maji ya kunde, shela jeupe, wote kwenye kivuli cha mwembe na jua limejitokeza kwa nyuma. Ni mtihani mgumu kuliko kadi yoyote ya BBC. Kwenye suti lazima uone ukosi unapoishia na kifua cha koti kinapoanza. Kwenye shela uone lesi. Shavu la bwana harusi upande wa kivuli liwe na mduara wake, lisibaki bapa kama lililokatwa kwa mkasi. Ukosi ukimezwa na koti, gama iko juu mno au mwangaza umeshuka kupita kiasi. Lesi ikigeuka karatasi, shusha kontrasti. Bibi harusi akiwa kijivu, umerudi kwenye bluu. Picha iwe ya watu unaowafahamu kwa sura, uliowaona mchana kweupe, ili ubishi ukitokea uwe na cha kulinganisha.

Rudia baada ya miezi michache, kwa sababu taa ya nyuma huchoka. Zile monita bapa za mwanzo zilitumia vitaa vyembamba vya jamii ya tyubulaiti, ambavyo kadiri vinavyozeeka hufifia na kuelekea njano, na ukikutana nayo leo kwenye meza za mitumba usihangaike kuitafutia 6500 kwenye menyu. Ijaribu moja kwa moja na ile picha ya harusi, ukiwa bado hujatoa hela.